Sura ya Sita: Wimbo Ndio Unaoongoza

Wanafunzi wakipewa kazi ya kutengeneza video ya muziki, mara nyingi huanza kwa kuandika mashairi ya wimbo upande mmoja wa karatasi na picha upande wa pili. Msanii akitaja machozi, wanaandika msichana analia. Akitaja safari, wanaandika begi na stendi ya mabasi. Akitaja pesa, noti zinahesabiwa mezani. Jioni karatasi imejaa na kila mmoja ameridhika, kumbe kazi imeshaharibika na kamera bado haijawashwa. Mtazamaji atapewa kitu kilekile mara mbili: atakisikia, halafu atakiona, na kukiona hakutamwongezea chochote. Kila nikikaa na kundi jipya naikuta karatasi hiyo, na kila mara nawaomba waiweke kando, wavae hedifoni, wausikilize wimbo upya kama watu wasioelewa lugha yake.

Nadharia ya video za muziki nayo ilikua kutokana na lalamiko linalofanana na hilo. Andrew Goodwin alipochapisha kitabu chake Dancing in the Distraction Factory mwaka 1992, MTV ilikuwa imeshakaa hewani miaka 11, na wasomi, akiwemo E. Ann Kaplan katika kitabu chake cha 1987, walikuwa wameandika mengi kuihusu. Wengi waliikabili kwa zana za uchambuzi wa filamu. Walitazama picha, wakaona visa vilivyokatikakatika, wakahitimisha kuwa hii ni sanaa ya zama zisizoamini tena hadithi yenye mwanzo na mwisho. Goodwin aliwajibu kuwa wamesahau kusikiliza. Kinachoonekana kimevunjika machoni kinaweza kuwa kimekamilika kabisa sikioni, kwa sababu wimbo wenyewe una utangulizi, beti, kiitikio kinachorudi, mahali pa kupanda na mahali pa kutua. Video imeegemea hapo, na ukiondoa sauti umeondoa nguzo.

Nchini Uingereza, ambako uchambuzi wa vyombo vya habari ni somo la A-level, walimu wamezoea kuyafupisha mawazo ya Goodwin kuwa mambo sita. Kila aina ya muziki ina mwonekano wake. Mashairi yana uhusiano na picha. Muziki wenyewe, yaani ala, mdundo na kasi, una uhusiano na picha. Kampuni ya muziki inadai sura ya msanii ionekane vizuri. Kuna mchezo wa kutazama na kutazamwa. Na video hukopa kutoka filamu, video na kazi nyingine. Ni orodha nzuri ya kukumbuka unapoingia kwenye mtihani. Ila mwanafunzi akiichukua kama fomu ya kujaza, akaweka alama kwenye kila kiboksi, anapata video yenye kila kitu isipokuwa wimbo. Mambo sita hayo hayana uzito sawa, na mwenye simu moja na siku moja ya kupiga picha lazima ajue nguvu zake aziweke wapi.

Tuanze na mashairi, kwa kuwa ndiko karatasi ile ilikoharibikia. Goodwin anataja njia tatu. Picha inaweza kuonyesha kinachosemwa. Inaweza kukikuza kwa kukiongezea maana ambayo maneno hayana. Au inaweza kuachana nacho kabisa, hata kukipinga. Chukulia kundi la wanafunzi watano wa Dar es Salaam waliopewa ruhusa ya maandishi na msanii chipukizi kutumia wimbo wake. Ni wimbo wa taratibu, gitaa na ngoma chache, mapigo 100 kwa dakika, kijana anamsubiri mtu aliyeondoka bila kuaga. Njia ya kwanza inawapeleka ufukweni, kijana amekaa juu ya jiwe anaangalia picha kwenye simu. Si dhambi, lakini video hiyo tumeshaiona, na ukiwauliza kwa nini ufukweni hawana jibu.

Njia ya pili inawapeleka Feri, kwenye kivuko cha Magogoni. Kijana anauza karanga pale watu wanaposhukia. Kila kiitikio kinapoanza, mlango wa pantoni unashuka na umati unamwagika: wafanyakazi, wanafunzi, wanawake wenye ndoo, bodaboda zinapenya. Kijana anazipekua sura. Kiitikio cha kwanza anatafuta kwa matumaini. Cha pili mteja anamkatiza na anajikuta anafunga karanga huku shingo imegeuka. Cha tatu mlango unashuka naye hainui tena kichwa, anahesabu chenji. Hakuna neno la wimbo linalotaja pantoni, karanga wala chenji. Lakini sasa kusubiri kuna ratiba na kuna kazi inayoendelea pembeni yake, na mtazamaji anaelewa kitu kuhusu huyu kijana ambacho yeye mwenyewe hakukiimba.

Angalia kilichotokea hapo. Kiitikio kimepata tukio lake. Muziki wa pop unaishi kwa kurudia, na watu wa filamu wanaogopa kurudia, kwa hiyo mwanafunzi aliyelelewa kwa filamu anajitahidi kila kiitikio kiwe na mahali papya, mavazi mapya, jambo jipya. Mimi naona huko ni kuukimbia wimbo. Kiitikio kinarudi kwa makusudi, nasi tunakipenda kwa sababu kinarudi. Kilichobaki kwa mtengenezaji ni kuchagua kipi kirudi vilevile na kipi kibadilike, na mabadiliko madogo ndani ya tukio lilelile ndiyo yanayogusa.

Carol Vernallis, katika kitabu chake Experiencing Music Video cha mwaka 2004, analiweka jambo hili kwa upande wa hadithi. Anaonyesha kuwa visa vya video za muziki mara nyingi havikamiliki: hatuambiwi wahusika ni nani hasa, tukio linaanza na kuachwa, sababu hazitajwi. Picha moja haimalizi kazi yake kwa sababu inaitegemea inayofuata na inautegemea wimbo. Kwa hiyo kundi letu lisiandike muswada wa filamu fupi yenye kueleza nani aliondoka, alikwenda wapi na walikosana nini. Wakiyaeleza hayo, wimbo utabaki kuwa muziki wa nyuma ya filamu. Waache mashimo, maana sauti ya mwimbaji itayajaza.

Sasa tufike pale ninapotaka tukae zaidi. Katika yote aliyoandika Goodwin, uhusiano wa muziki na picha ndio unaosahaulika haraka kuliko yote, pengine kwa sababu wanafunzi wengi wanajua kuzungumza kuhusu maneno kuliko kuhusu sauti. Wanajua ubeti wa pili unasemaje. Hawajui besi inafanya nini humo. Nimeshawaomba wanafunzi wanitajie ala zilizomo kwenye wimbo waliouchagua wenyewe, wakatulia kimya.

Mwalimu mzuri wa jambo hili ni dairekta Mfaransa Michel Gondry. Mwaka 1997 alitengeneza video ya Around the World ya Daft Punk. Wimbo huo una maneno matatu yanayorudiwa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hakuna mashairi ya kuonyesha. Gondry aliugawa wimbo katika sauti zake na kila sauti akaipa miili. Kuna roboti, nazo ni ile sauti ya kuimba iliyopitishwa kwenye mashine. Kuna wanariadha warefu wenye vichwa vidogo wanaopanda na kushuka ngazi, nao ni besi. Wanawake waliovaa kama waogeleaji wa maonyesho ni kinanda, mifupa inayocheza ni gitaa, na maiti zilizofungwa sanda za Kimisri ni ngoma. Mcheza dansi Blanca Li ndiye aliyepanga miondoko. Ala ikinyamaza, kundi lake linatulia, ikirudi, linasogea. Mtu asiyejua muziki hata kidogo akiitazama mara mbili anaanza kuisikia besi kama kitu kinachojitegemea. Video imemfundisha kusikia.

Miaka mitano baadaye alifanya kitu kigumu zaidi kwa kitu cha kawaida zaidi. Star Guitar ya The Chemical Brothers, mwaka 2002, inaonekana kama mtu ameshika kamera dirishani mwa treni nchini Ufaransa. Nguzo, nyumba, madaraja na matangi yanapita. Baada ya muda unagundua kuwa kila kinachopita kinapita na mdundo: nguzo hii ni pigo la ngoma, jengo lile ni sauti inayorudi kila mzunguko. Kabla ya kuunganisha picha hizo, Gondry aliupanga wimbo kwenye karatasi ya grafu, kisha akajaribu mpangilio kwa kupanga vitu vya nyumbani kama machungwa, uma, vitabu na viatu.

Zoezi la karatasi ya grafu linawezekana katika darasa lolote. Weka sekunde kwenye mstari wa chini. Kila ala ipe mstari wake: ngoma, besi, gitaa, sauti ya kwanza, sauti za kuitikia. Sikiliza ala moja tu tangu mwanzo hadi mwisho na uchore ilipo na isipokuwepo, kisha rudia kwa inayofuata. Kundi letu la pantoni likifanya hivyo litagundua mambo ambayo mashairi hayakuwaambia: kwamba gitaa linanyamaza kabisa kabla ya kiitikio cha mwisho, kwa mfano, au kwamba sauti za kuitikia zinaingia kuanzia ubeti wa pili. Ukimya wa gitaa ni zawadi. Hapo ndipo pantoni lifunge mlango na gati libaki tupu kwa muda. Sauti za kuitikia zinaweza kuwa wauzaji wengine wanaoanza kuonekana nyuma ya kijana, ambao ubeti wa kwanza hawakuwepo. Sasa picha zinatoka ndani ya wimbo.

Karatasi hiyohiyo inakuambia ukate wapi. Kwenye mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.6. Kama unapiga picha kwa fremu 25 kwa sekunde, pigo ni fremu 15 kamili, na mzunguko wa mapigo manne ni sekunde 2.4. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 20 una mizunguko 83 hivi. Ukiamua kukata mwanzoni mwa kila mzunguko, unahitaji shoti zipatazo 83 zinazofaa, na siku moja ya Feri haitakupa shoti 83 nzuri. Afadhali ujue hilo ukiwa mezani. Basi utakata kila mizunguko miwili kwenye beti, utaharakisha kwenye kiitikio, na pale gitaa linaponyamaza hutakata kabisa.

Singeli inadai hesabu nyingine. Huko mapigo yanapita 200 kwa dakika, kila pigo ni sekunde 0.3 au pungufu, na kwa fremu 25 pigo la 200 linaangukia kwenye fremu saba na nusu. Nusu ya fremu haikatiki, na hata ingekatika jicho lisingepata muda wa kutambua uso. Wanaoipiga picha singeli vizuri hawashindani nayo kwa mkasi. Wanaiacha kasi ikae kwenye miili, wacheza wanaenda mbio na kamera inatembea nao, na mkato unakuja pale MC anapovuta pumzi.

Kutokata nako ni uamuzi wa kimuziki. Unfinished Sympathy ya Massive Attack, mwaka 1991, iliyoongozwa na Baillie Walsh, ni shoti moja: Shara Nelson anatembea barabarani Los Angeles, anaimba, dunia inaendelea na shughuli zake, kamera inamfuata. Kwa kuwa hakuna mkato, nyuzi za wimbo zinapopanda ni sisi tunaopanda nazo, hakuna picha iliyotufanyia kazi hiyo. OK Go mwaka 2006 walisimamisha kamera mahali pamoja mbele ya mashine nane za kukimbilia na kucheza juu yake mwanzo hadi mwisho, wakapata Grammy mwaka uliofuata. Wanafunzi wakiniambia hawana vifaa huwa nawaonyesha hizi mbili. Kilichozigharimu zaidi ni mazoezi, na mazoezi hayahitaji kukodi chochote.

Kuhusu midomo kufuatana na sauti, nitaeleza kwa ufupi kwa kuwa vitabu vya ufundi vinaeleza vizuri. Wimbo upigwe kwa sauti kubwa mahali pa kupigia picha, na msanii aimbe kweli, kwa nguvu. Anayetikisa midomo tu anajulikana kwa misuli ya shingo. Simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu zenyewe kulingana na mwanga, na midomo inaanza kuachana na sauti katikati ya ubeti, kwa hiyo tumia programu ya kamera inayofunga kasi. Ukitaka mwendo wa polepole huku midomo ikilingana, piga picha kwa fremu 50 kwa sekunde, wimbo ukipigwa kwa kasi mara mbili, kisha irudishe picha kwenye fremu 25. Mwili utaelea, midomo itakuwa mahali pake. Coldplay katika The Scientist, mwaka 2002, walikwenda mbali zaidi: Chris Martin alijifunza kuimba wimbo wote kinyumenyume, ili picha ikirudishwa nyuma, yeye aonekane anaimba sawasawa.

Uso wa msanii tuuzungumze pamoja na suala la kutazama, kwa sababu hayatengani. Kampuni za muziki zinadai shoti za karibu ili sura ijulikane, sura ijulikane ili muziki uuzwe. Mwanafunzi hana kampuni, lakini dai lile bado linafaa: tusipomwona mwimbaji usoni hatuna wa kumwamini. Nothing Compares 2 U ya mwaka 1990, iliyoongozwa na John Maybury, ina picha za Sinéad O'Connor akitembea katika bustani ya Saint-Cloud karibu na Paris, lakini anayeitaja leo anakumbuka uso wake uliojaa skrini, na machozi yaliyotoka kweli. Tena anatutazama sisi. Haangalii pembeni ili tumchungulie.

Hapo ndipo Laura Mulvey anapoingia. Makala yake ya mwaka 1975 katika jarida la Screen ilihusu sinema za Hollywood, lakini hoja yake inazifaa video za muziki kupita kiasi: kamera hujiweka mahali pa jicho la mwanamume, mwanamume anatenda na mwanamke anatazamwa. Fungua televisheni yoyote ya muziki ya kwetu na uhesabu ni mara ngapi mwanamke anaonekana kiuno kabla ya uso, au anaonekana na hana jambo lolote analofanya isipokuwa kuwepo karibu na gari. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu darasani jambo hili si nadharia. Kundi lina wavulana wanne na msichana mmoja, na msichana ndiye anayeambiwa avae kaptura acheze pembeni ya bwawa, kwa hoja kwamba ndivyo video za Bongo Fleva zilivyo. Hiyo ni kumwomba mwenzao abebe gharama ya uvivu wao, na picha hizo zitabaki mitandaoni baada ya yeye kumaliza chuo. Mwalimu anayenyamaza hapo hajafundisha.

Kuna swali moja linalosaidia: katika shoti hii, jicho ni la nani? Likijibiwa, mengine yanafuata. Ikiwa ni jicho la kijana wa karanga anayetafuta sura, basi wanawake wanaoshuka kwenye pantoni wataonekana usoni, kwa sababu uso ndio anaoutafuta. Na mmoja wao akigeuka akamtazama yeye, sekunde moja tu, mizani ya kutazama imebadilika. Msichana wa kundi letu huenda ndiye awe nyuma ya kamera siku nzima. Waliopo Feri nao ni watu wenye macho na haki zao: waombwe kibali kabla, sawa na wasimamizi wa kivuko, na asiyetaka aachwe.

Aina ya muziki itachukua muda mfupi. Utazijua desturi zake kwa kutazama video nyingi za aina hiyo huku ukiandika, na hakuna njia ya mkato. Mwimbaji wa taarabu anasimama karibu bila kusogea, heshima yake iko katika utulivu huo na katika watu wanaokuja kumtunza. Ukimkatakata kama rapa umemvua hadhi. Ukivunja desturi, vunja ile uliyoijua.

Kukopa kutoka kazi nyingine kunahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa wanafunzi hukupenda kwa ajili ya alama. Madonna katika Material Girl, mwaka 1985, alivaa na kucheza kama Marilyn Monroe katika filamu ya 1953, Gentlemen Prefer Blondes, na asiyeijua filamu hiyo bado anaielewa video. Anayeijua anapata zaidi. Hicho ndicho kipimo. Kwetu, Salome ya Diamond Platnumz na Rayvanny, mwaka 2016, imejengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli, na wazee na vijana waliisikiliza kwa masikio mawili tofauti. Kama mkopo wako unahitaji maelezo ndipo ufanye kazi, uache.

Kazi ikishahaririwa, kabla ya kugusa rangi, zima sauti. Mwite mtu asiyeujua wimbo, mwonyeshe video ikiwa kimya, umwombe anyooshe mkono anapodhani kiitikio kimeanza. Kwenye video ya pantoni atanyoosha mlango unaposhuka, au pengine mapigo machache baadaye. Akikaa dakika tatu mkono uko magotini, rudini kwenye karatasi ya grafu. Kisha fanya kinyume chake: funika skrini, acha wimbo upigwe, na kila mwanakundi aandike picha anayoiona kichwani kwenye kila sehemu. Pale ambapo watano wameandika picha tano tofauti, shoti iliyopo haijashikamana na wimbo.

Hatimaye kuna ripoti, ambayo vyuo vingi huitaka pamoja na video. Humo ndimo majina ya wasomi huanza kumwagwa. "Tumetumia nadharia ya Goodwin ya kukuza maana" ni sentensi isiyomwambia mtahini chochote, maana hata video mbaya ingeweza kuandikiwa hivyo. Andika uamuzi, mahali ulipo, na sababu yake: kwamba katika kiitikio cha pili hamkumwonyesha mwimbaji kwa mizunguko minane, yaani sekunde 19.2, kwa kuwa sauti za kuitikia zilikuwa zimemzidi nguvu na mlitaka umati umzidi vilevile. Kwamba mlijaribu kwanza kumweka mbele na mkaona kiitikio kinapwaya. Hapo jina la Goodwin likitajwa lina kazi, na mtahini anaweza kufungua video, kwenda kwenye sekunde hizo, na kuona kama anakubaliana nanyi.